Gulu University waje Bweyale, walimu wafundwe kwenye skuli kama yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hawa walimu wanafunzi wa skuli praktisi, yaani wanafunzi wa ualimu wanaotumwa na vyuo kufanya mazoezi ya kufundisha, maana kila mwaka muhula wa pili ukifunguliwa tunapokea kundi jipya hapa Bweyale na kila mwaka mambo ni yaleyale, wanakuja na hamu, wanaondoka wamechoka, na kama wamejifunza kitu au hawakujifunza hakuna anayefuatilia. Mi ni mwalimu wa Kiswahili na historia kwenye sekondari ya serikali hapa wilaya ya Kiryandongo. Ninachotaka ni kimoja: chuo kikuu kiache kuwatawanya wanafunzi wake huku na kule bila mpango, kichague sekondari ya serikali iliyochanganyika kama hizi zetu, kifunge nayo mkataba wa miaka mingi, watu wake wawe humo ndani kila wiki, na walimu wafundwe humo. Sizungumzii skuli za bweni za watu wenye hela. Nazungumzia skuli ya USE, ule mpango wa serikali wa sekondari kwa wote bila karo, ya watoto wanaokuja kwa miguu, darasa moja lina lugha hata kumi.

Kwa wasioijua Bweyale, iko kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, kabla hujafika Karuma. Ni ardhi ya Bunyoro lakini ukiingia sokoni utasikia Kiacholi, Kilango, Kialur, Kilugbara, Kinyoro, alafu Kiswahili ndicho kinachomaliza bei. Makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo yako hapohapo. Wasudani Kusini ndio wengi, kuna Wakongo, kuna Wakenya waliokimbia fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, na tangu vita ilipoanza Khartoum Aprili 2023 wamekuja Wasudani wa mjini kabisa, wengine wamesoma mpaka chuo kikuu, wanaongea Kiarabu na watoto wao hawajawahi kusoma somo lolote kwa Kiingereza. Juu ya hao kuna Wagisu walioletwa huku baada ya mlima kuporomoka Bududa mwaka 2010, na watu wa kaskazini waliokimbia vita ya Kony wakabaki hapa wakajenga. Wote hao wana watoto, na hao watoto ndio nawafundisha.

Sasa nikuonyeshe kinachotokea mwalimu mwanafunzi akiingia humo. Kuna binti mmoja aliletwa kwetu na chuo fulani, jina la chuo naliacha, msichana wa adabu sana na mchapakazi. Alikuja na lesoni plani safi, imeandikwa kwa kalamu za rangi mbili, somo la salamu kwa S.1, mwaka wa kwanza wa sekondari. Akaandika ubaoni Hujambo Sijambo, Habari Nzuri, akaanza kuwaimbisha. Benchi la dirishani walikuwa vijana waliotoka Ituri, hao Kiswahili wamezaliwa nacho, wakaanza kujibu kwa kelele na kucheka, kwao ilikuwa kama wanafundishwa kutembea. Benchi la mbele watoto wa Kinyoro na wa Kinuer wanamwangalia mdomo tu, hawajui wameambiwa nini. Katikati kuna dada wa miaka 19 mwenye mtoto nyumbani, alirudi skuli baada ya ile miaka ya Corona, yeye anaandika kila kinachoandikwa ubaoni, hata tarehe anaiandika mara mbili, ila kuongea hafungui mdomo kabisa. Darasa lina watoto zaidi ya 90. Dakika ishirini tu yule binti akawa ameshaanza kupandisha sauti, na mwalimu akishapandisha sauti kwenye darasa la watu 90 ameshapoteza. Kengele ikalia, akaja stafurumu, akakaa, akaweka chaki mezani akaniuliza, "Sasa mwalimu, pale nifundishe nani?"

Mhariri, hilo ndilo swali lenyewe la kazi yetu. Na yule binti alikuwa mwaka wake wa mwisho, anakaribia kupewa digrii, na miaka yote aliyokaa chuoni hakuna mtu aliyemweka mbele ya darasa la namna hiyo akamwachia nafasi ya kuuliza.

Tulikaa naye jioni ile. Nikamwambia hao wa Ituri usiwapige vita, wape kazi. Wanajua kuongea lakini kuandika hawajui, wanasema minakwenda na batu, na UNEB, wale wa mitihani ya taifa, haitawapa maksi kwa hiyo, kwa hiyo na wao wana cha kujifunza, tena kikubwa. Wakalishe kila mmoja na watoto wawili ambao hawajui kitu, wafanye soko, huyu muuzaji huyu mnunuzi, bei za Bweyale za kweli, nyanya shilingi ngapi, alafu baadaye yule wa Ituri ndiye anayeandika mazungumzo na wewe unamsahihishia maandishi. Mtoto wa Kinuer aliyekua Juba muulize kitabu, kalamu, sukari, samaki, utaona anashtuka kwa furaha, maana kwa Kiarabu cha Juba hayo maneno karibu yote tayari anayo. Yule dada mwenye mtoto usimsimamishe mbele ya watoto wa miaka 13, mfuate alipokaa, muulize kwa sauti ya chini. Binti akafanya hivo. Wiki iliyofuata nilikuwa nasahihisha madaftari kwenye darasa la jirani na lake na nikasikia kelele tofauti, kelele ya watu wanaofanya kazi.

Lakini hiyo ilikuwa bahati yake kwamba siku ile nilikuwa na nafasi. Chumba cha pili kulikuwa na kijana wa hesabu, yeye alikabidhiwa madarasa yote ya mwalimu mwenyeji siku ya kwanza tu, na mwenyeji hakuonekana tena mpaka praktisi inaisha. Simlaumu sana huyo mwenzangu na nitasema kwa nini. Kijana alifundisha peke yake, alisahihisha peke yake, mchana anakula posho, yaani ugali, na maharage kama wote, jioni anarudi kwenye chumba anachokodi kwa hela ya mama yake. Supavaiza kutoka chuoni akija, inajulikana siku mbili kabla. Chati zinabandikwa ukutani, watoto wameshaambiwa nani atanyoosha mkono swali gani likiulizwa, supavaiza anakaa nyuma, anajaza fomu, anakunywa soda ofisini, anaondoka kuwahi skuli ingine maana ana wanafunzi wengi kwenye orodha na mafuta ya gari ni ya kuhesabiwa. Kile alichokiona si darasa. Darasa la kweli ni la siku nyingine zote, na siku hizo kijana alikuwa peke yake.

Na skuli zenyewe nani anazichagua? Mara nyingi mwanafunzi anajitafutia. Anaenda pale alipo shangazi yake, au anabaki Kampala na Wakiso karibu na chuo, au anarudi skuli aliyosoma yeye mwenyewe, na wengi walioingia chuo kikuu wametoka skuli nzuri, kwa hiyo anafanya mazoezi kwenye skuli nzuri, anafaulu praktisi kwa alama ya juu, alafu serikali inampa posti Kiryandongo, Yumbe au Kyegegwa. Anafika anashangaa. Mwaka haujaisha ameshaandika barua ya kuomba transfa. Tunabaki na madarasa bila mwalimu, na wanasema watu hawapendi kufanya kazi vijijini. Hawakufundishwa kuifanya hiyo kazi, ndiyo shida.

Kuna jambo jingine watu wa Kampala hawalioni. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza S.1 mwaka 2020, wiki chache tu skuli zikafungwa, zikabaki hazijafunguka sawasawa mpaka Januari 2022, na watoto wa kwanza wa mtaala huo walifanya UCE, mtihani wa kumaliza S.4, mwaka 2024. Sa hawa wanaokuja praktisi leo, wenyewe walisoma ule mtaala wa zamani, wa kunakili notisi na kukariri. Hawajawahi kukaa kwenye dawati kama wanafunzi wa mtaala mpya, hawajawahi kufanya projekti, hawajui ile asilimia 20 ya alama za mwisho inayotoka kwa kazi za darasani inakusanywa vipi kila muhula kwenye skuli yenye mwalimu mmoja kwa watoto mamia. Hicho kitu hakifundishwi kwa slaidi. Unakiona kwa mwalimu ambaye anakifanya, unakaa naye, unakosea mbele yake, anakurekebisha. Na kwenye Kiswahili ndo kabisa. Katiba ilikiweka lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likarudia mwaka 2022 na kusema kifundishwe kwa lazima praimari na sekondari, mtaala mpya nao unamtaka kila mtoto wa S.1 na S.2 akisome, lakini walimu wako wapi? Sisi tuliopo tunakimbia kutoka darasa hadi darasa. Skuli zingine anafundisha mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, kwa sababu aliwahi kuishi Nairobi.

Wenzetu nchi zingine hili wameshalifanyia kazi. Marekani, mji wa Los Angeles, kuna skuli ya serikali inaitwa UCLA Community School, ilianza mwaka 2009, inachukua watoto kuanzia wadogo kabisa mpaka mwisho wa sekondari, na iko kwenye mitaa ya wahamiaji, wazazi wengi wametoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati, wengine Korea. Chuo kikuu cha UCLA na mamlaka ya skuli za mji ndio washirika. Wanafunzi wa ualimu wanafanyia mazoezi pale, maprofesa wanafanya utafiti pale wakiwa pamoja na walimu wa skuli, na watoto wanajengewa Kiingereza bila kunyang'anywa Kihispania au Kikorea cha nyumbani. Boston nao tangu 2003 wana mpango ambao mwalimu mwanafunzi anakaa mwaka mzima wa skuli na mwalimu mmoja mzoefu, sio wiki chache za kukimbizana. Zamani kule Marekani skuli ya chuo kikuu ilikuwa kama ile ya John Dewey pale Chicago, ilifunguliwa 1896, skuli ya maana sana kwa fikra zake lakini ya binafsi, na mpaka leo ni ya karo kubwa. Ikafika miaka ya 1980 na 1990 wakuu wa vitivo vya elimu wenyewe wakaanza kusema hapana, mwalimu afundwe kwenye skuli ya serikali ya watoto wa kawaida, maana huko ndiko ataenda kufanya kazi. Mi nakubaliana nao moja kwa moja. Hela yao hatuna, hilo najua, lakini wazo lenyewe halihitaji hela nyingi hivo.

Tena sisi Uganda si wageni wa jambo hili. Vyuo vya walimu wa praimari, hizi PTC, vilikuwa na demo, skuli ya praimari pembeni ya chuo, mwanafunzi wa ualimu anavuka uwanja tu anaingia darasani. Kila mtu wa umri wangu anajua demo fulani karibu na kwao na alijua ni skuli nzuri. Pale Kampala kulikuwa na Shimoni Demonstration, katikati ya mji, watoto wa maskini na wa mawaziri walikaa benchi moja, na ikavunjwa kabla ya ule mkutano wa CHOGM wa 2007, wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, ili ardhi ipewe mtu wa hoteli. Wakati wa CHOGM wageni walikuta uwanja mtupu. Chuo cha walimu cha Shimoni kikahamishiwa nje ya mji. Mi nadhani siku ile hatukupoteza majengo tu, tulipoteza na lile wazo kwamba skuli ya watoto na skuli ya walimu zinatakiwa kuwa mlango kwa mlango. Upande wa sekondari, Makerere College School iko palepale mlimani karibu na chuo, lakini leo hii ukimwambia mwalimu mwanafunzi aliyefanyia mazoezi kwenye skuli ya watoto waliochujwa kwa alama kwamba amejiandaa kwa Bweyale, unamdanganya.

Madaktari tunawafundisha vipi? Chuo cha udaktari cha Makerere kiko Mulago, kwenye hospitali ya rufaa ya umma, sio kwenye kliniki ya matajiri. Wa Gulu University wanajifunzia hospitali ya rufaa ya Gulu na hospitali ya Lacor. Mwanafunzi anazunguka wodini na daktari mkubwa, anaona mgonjwa wa malaria, wa ajali ya boda, mama aliyechelewa kujifungua, wa kila kabila, na mgonjwa haachwi mikononi mwa mwanafunzi peke yake. Hakuna anayesema daktari akae kwenye lekcharumu miaka mitatu alafu atumwe wodini peke yake wiki kadhaa na mkubwa aje mara moja kumkagua. Kwa mwalimu tunafanya hivohivo na tunaona sawa.

Kwa hiyo nasemaje. Nasema Gulu University ina kitivo cha elimu na iko kilomita mia na kitu kutoka hapa, barabara ya lami mpaka mlangoni. Na pale Unyama, karibu na Gulu, kuna kampasi ya UNITE, hiki chuo kipya cha kitaifa cha walimu kilichotokana na ile sera ya walimu ya 2019 inayosema kila mwalimu awe na digrii. Wachague sekondari moja ya serikali Kiryandongo. Wakitaka yetu waje, wakitaka ya jirani waende, mi sigombanii jina. Walete wanafunzi kwa kundi, sio mmojammoja, wawili wa hesabu, wawili wa baiolojia, wawili wa Kiswahili, wakae mwaka mzima wa skuli kuanzia siku ya kufungua mwezi wa pili, waone jinsi darasa linavyojengwa kutoka sifuri. Somo la mbinu za kufundisha, lile wanalofundishwa chuoni, lifundishiwe hapa, asubuhi wanaona kipindi, mchana wanakaa na lekchara na mwalimu mwenyeji wanakichambua. Lekchara naye aingie darasani kwetu afundishe S.2, watu wamwone. Sisemi hivo kumpima. Mtu anayefundisha watu kufundisha watoto akikaa miaka mingi bila kufundisha watoto, anasahau kelele ya darasa inavyokula muda.

Sa hapa kwa mwalimu mwenyeji ndo pazito na ndipo nataka wakubwa wasome polepole. Mchukue yule mwenzangu wa hesabu aliyepotea. Skuli inapopokea mwanafunzi wa praktisi, mwenyeji hapewi chochote. Hapunguziwi vipindi, hapewi alawansi, hapewi hata karatasi ya kumtambua, na hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kumlea mwalimu mchanga, maana kufundisha watoto na kufundisha mtu kufundisha ni kazi mbili. Akiona kuna kijana wa kumshikia darasa, anakimbilia shambani au kwenye kibanda chake cha mobile money, kwa sababu mshahara hautoshi. Wa sayansi wenye digrii walipandishiwa mpaka milioni 4 kwa mwezi mwaka 2022, sisi wa arts tukaachwa kwenye milioni moja na kidogo, na kidonda hicho mpaka leo kinatoa damu kwenye kila stafurumu nchi hii, watu wanafanya kazi sawa kwenye korido moja. Huwezi kumwambia mtu wa hivo amlee mwanafunzi wa chuo bure kwa moyo. Mkataba useme wazi kwamba mwalimu mlezi, wa sayansi au wa arts, anapunguziwa vipindi, anapewa kozi fupi na chuo yenye cheti kinachohesabika wakati wa promosheni, na anapewa alawansi kutoka kwenye ile ada ambayo mwanafunzi tayari anailipia chuoni. Hela ya skuli praktisi ipo. Inaishia kwenye mafuta ya gari na pediemu ya supavaiza. Ukiwa na lekchara mmoja anayekuja siku mbili kila wiki sehemu moja, hutahitaji magari kumi yanayozunguka wilaya nane.

Nimeshaongea na wazazi kuhusu hili kwenye mkutano wa PTA, umoja wa wazazi na walimu, na nikapata upinzani, na ni upinzani wa haki. Baba mmoja mzee wa Kiacholi alisimama akasema watoto wetu si wa kujaribiwa, kila mwaka mnatuletea wasiojua, na mwezi wa nane wanaondoka mtoto hajamaliza silabasi. Anasema kweli kwa jinsi ilivyo sasa. Lakini kwa mpango ninaousema, mwalimu mwenye darasa haondoki. Darasa la watoto 90 linakuwa na watu wazima wawili au watatu badala ya mmoja, mtoto anayebaki nyuma kwenye kusoma anapata mtu wa kukaa naye pembeni, madaftari yanasahihishwa siku hiyohiyo. Hicho kitu sisi hatujawahi kukiona. Na mama mmoja Mkongo akauliza kama chuo kikija kitakuwa cha wakimbizi tu, maana hapa watu wameshazoea kuona miradi inagawanywa, hii ya kambini hii ya wenyeji. Nikamwambia skuli ni moja, benchi ni moja, na mkataba uandikwe hivo.

Kwa nini nasisitiza iliyochanganyika? Kwa sababu nchi nzima inaenda huko. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na watoto wao wanasoma na wetu kwenye skuli za serikali, Nakivale, Kyaka, Rwamwanja, Kyangwali, Bidi Bidi, hata Kisenyi na Kansanga pale Kampala. Hata bila wakimbizi, mji wowote unaokua una darasa la kabila kumi. Mwalimu aliyefundwa Bweyale anaweza kwenda popote. Aliyefundwa kwenye darasa la watoto 40 wenye Kiingereza kizuri, wote wa tabaka moja, anaweza kwenda sehemu chache sana. Tumezoea kuona mchanganyiko kama mzigo wa skuli, hata kwenye ripoti za wakaguzi unaandikwa kwenye sehemu ya matatizo, na mi nasema kwa chuo cha ualimu huo ndio utajiri wenyewe, hakuna maabara ingeweza kutengenezwa ikafanana nao. Chuo kikuu cha Mbarara wanaweza kufanya hivo na skuli ya Nakivale, Muni University na skuli ya Yumbe.

Kuna faida moja nyingine ambayo naiona machoni kila siku. Watoto wetu wenyewe wangekuwa walimu. Kwenye praimari za kambini kuna hawa klasirumu asistanti, vijana wakimbizi wanaotafsiri kwa watoto wadogo, wengi ni wanafunzi wetu wa zamani. Kijana anaongea Kidinka, Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, anajua kutuliza mtoto aliyeona mambo mabaya njiani, na hana njia ya kufika chuo cha ualimu kwa sababu ya karo na kwa sababu hajawahi kumwona lekchara kwa macho. Chuo kikiwa kwenye kompaundi yetu, yule kijana anamwona mwalimu mwanafunzi wa umri wake, anamuuliza uliombaje, ulihitaji alama gani, na lekchara anamjua kwa jina kabla hajaomba. Kuna pia watu wazima kambini waliokuwa walimu Kongo na Sudan, vyeti vyao havitambuliki hapa au vilichomeka na nyumba, wanalima bustani na kuchoma mkaa. Mzee mmoja alifundisha fizikia miaka mingi huko kwao, mwanae nimemfundisha mimi. Chuo kilichopo karibu kingeweza kuwapima na kuwapa kozi ya kuwaingiza kwenye mfumo. Sisi tunalia hatuna mwalimu wa fizikia na mwalimu wa fizikia anauza mkaa mita mia tano kutoka getini.

Najua mashirika yanafanya semina za ualimu huku, siku mbili hotelini, unarudi na begi na kalamu. Nimehudhuria, nimejifunza vitu vingine vizuri, asante kwao. Lakini ukirudi Jumatatu darasa ni lilelile na aliyekufundisha hayupo, yuko wilaya ingine. Ninachoomba ni mtu anayekuwepo Jumatatu.

Kwa hiyo naomba, kupitia gazeti lako, kitivo cha elimu cha Gulu University na wakuu wa Unyama watume watu waje wakae siku nzima, wasikae ofisini kwa hedi, waingie S.1 na S.2 waone. Ofisi ya elimu ya wilaya iwakutanishe na mahedi wote wa sekondari za serikali, wachague pamoja. Wizara iseme waziwazi kwamba skuli ikiwa na mkataba kama huo, mwalimu mlezi anahesabiwa vipindi vyake vya kulea kama vipindi vya kufundisha, bila hilo hakuna atakayekubali mara ya pili. Bodi yetu imeshaongea, hata kabla ya barua hii, kwamba kuna nyumba mbili za walimu kwenye kompaundi hazina watu kwa sababu bati limetoboka na milango imeoza, na wazazi wamesema wako tayari kutoa kazi ya mikono kuzirekebisha ili walimu wanafunzi walale humo bila kodi. Muhula wa pili unafunguliwa mwisho wa mwezi wa tano. Wakija kabla ya hapo, ratiba tunaipanga nao pamoja.

Mwalimu wa sekondari,
Bweyale, Kiryandongo